Mechi ya Nyumbani

Kocha hakulipenda neno "nyumbani". Kila lilipotokea kwenye ratiba ya ligi alilipigia mstari kwa penseli, halafu akacheka kidogo kwa pua, kicheko cha mtu aliyekwisha kuchoka kuudhiwa. Ratiba ilisema nyumbani. Sisi tulipakia mipira kwenye basi, tukavuka Mto Tana, tukasafiri nusu siku kwenda kuwa wenyeji katika uwanja wa watu wengine. Timu za huko chini hazikutaka kuja Garissa. Ziliogopa barabara, ziliogopa mji, na sisemi ziliogopa bure, maana kuna miaka hata mimi niliogopa. Chama cha mpira kikaamua kwamba mechi zetu za nyumbani zichezwe ng'ambo ya daraja kwa muda. Muda huo ukawa msimu, msimu ukazaa mwingine, na mwishowe hakuna aliyeuliza tena.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili pale mjini, mtu wa bara kama yeye, na ukatibu wa timu niliupata kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri, si kwa kujua mpira. Aliniita Katibu. Wachezaji, karibu wote Wasomali, walimwita Adeer, neno lao la kumwita ami. Hakuna aliyemwita kwa jina lake, nami sitaanza leo. Alizaliwa wapi na nani hakunisimulia, na sikumwuliza.

Najua tu kwamba alikuwa amecheza mpira wa kulipwa. Wazee waliosikiliza mechi redioni enzi hizo, ukiwatajia ile timu yake ya Nairobi, watakutajia yeye kabla hujamaliza. Beki wa kati. Alicheza Nairobi miaka mingi, akaenda Uarabuni misimu miwili, akarudi na goti lililojua mvua inakuja siku mbili kabla. Alikaa chumba na sebule nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na humo ndani sikuona kombe wala picha ukutani. Palikuwa na kiatu kimoja cha mpira, cha kulia, kinachozuia mlango usibamizwe na upepo. Siku moja nilimwuliza cha kushoto kiko wapi.

"Kilistaafu mapema," akasema, akanimiminia chai.

Alikuwa na msemo wake: "Zamani nililipwa nikimbie, siku hizi nalipwa ningoje." Na kungoja alikujua. Mazoezi yetu yalianza baada ya swala ya alasiri na yakaisha kabla ya magharibi, na katikati ya nyakati hizo mbili alingoja punda wa maji wavuke uwanja, alingoja mbuzi watoke golini, alingoja wale korongo wa jalalani waondoke pembeni ambako winga wake alitaka kupita. Hakumfukuza mnyama hata mmoja. Mchezaji akichelewa dakika mbili, hapo sasa utafikiri amebomolewa nyumba. Nilimwambia hilo si haki, mbuzi kumzidi mtu. Akanijibu kwamba mbuzi hakusaini fomu.

Kusema kweli alikuwa mtu wa kuchosha. Akishindwa aliwaambia wachezaji mpira ni mchezo tu, kisha akakaa siku mbili bila kula. Alikuwa Mkristo wa kiti cha mbele kila Jumapili, lakini mwezi wa Ramadhani alifunga pamoja na timu tangu siku ya kwanza mpaka mwezi kuandama. Padri alipomtania, alisema hawezi kumfokea mtu mwenye njaa na yeye ameshiba. Basi akafoka akiwa na njaa, na ukali wake wa saa kumi na moja jioni ya Ramadhani sijauona kwa mtu mwingine. Wachezaji walimvumilia kwa sababu alikuwa wa kwanza kuwapa tende jua likizama.

Tabia nyingine iliyonikera ilikuwa ya kuhesabu walimu. Ile miaka walimu wa bara walipokuwa wakihama kwa makundi, kila tulipokutana aliniuliza nani amebaki. "Wa hesabu yupo? Na yule mama wa kemia?" Nikimwambia wa kemia ameondoka wiki iliyopita, alikunja kidole kimoja. Nusu ya wachezaji wake wadogo walikuwa wanafunzi wetu. "Beki bila mwalimu atakuwa beki mpaka goti lipasuke," alisema, "halafu atakuwa nini?" Nilikubali kwa kichwa. Sikumwambia kwamba barua yangu ya kuomba uhamisho ilikuwa imelala ofisini mwaka wa tatu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika barua. Kila msimu ulipoanza tuliziandikia timu zote za ligi tukiziomba zije, hata moja tu, hata mara moja. Mara ya kwanza niliandika kwa ufundi wangu wote: kwamba Garissa ni salama, kwamba wenyeji ni wakarimu, kwamba wageni watalindwa. Kocha aliisoma, akachukua penseli, akakata mistari mitatu.

"Usiwaambie ni salama," akasema. "Waambie tupo."

"Sasa watakujaje kama hatuwaambii ni salama?"

Ndipo akanieleza, akiangalia chai yake. Alipokuwa nahodha kule Nairobi, timu yake ilipangiwa mechi Garissa. Katibu wa huku, mzee fulani, akawaandikia barua ndefu ya kuwahakikishia usalama. Yeye, nahodha, aliisoma kwa sauti chumbani kwa wachezaji, kila penye neno "salama" watu wakaangua kicheko, naye akacheka kuwazidi. Kisha akachukua kalamu akaandika jibu kwamba hawaendi, akasaini kama nahodha.

"Hiyo barua yako, Katibu, nimekwisha kuisoma," akasema. "Ndiyo maana nimeikata."

Nilimhurumia, nikakasirika pia, maana mwandiko ule ulikuwa umenigharimu jioni mbili. Tuliandika tupo. Majibu hayakuja, au yalikuja yakisema wametingwa. Subira huvuta heri, wanasema waliobahatika. Yetu ilivuta kamba tu.

Lakini kuna mtu ambaye kwake jambo hili halikuwa fahari ya mji wala toba ya nahodha mzee. Huyo ni Abdi.

Abdi alitoka Bura, na alikuwa mshambuliaji bora niliyewahi kumwona kwa macho yangu, ingawa macho yangu, kama nilivyosema, si ya mpira. Kocha, ambaye macho yake ni ya mpira, alisema katika maisha yake alikabana na washambuliaji watatu wa aina ile, na wote watatu walimfunga. Abdi hakuwa na kitambulisho. Alikuwa ameomba, akaambiwa alete karatasi hii, akaileta, akaambiwa alete mzee wa kumtambua, akamleta, mzee akafariki kabla ya zamu yake kufika, akaanza upya. Chama cha mpira kilimsajili kwa cheti cha kuzaliwa. Kizuizi cha darajani kilitaka kitambulisho.

Sasa nieleze tulivyovuka daraja, maana hakuna timu nyingine iliyovuka hivyo. Jioni ya kuamkia safari kila mchezaji alileta kitambulisho chake kwa Kocha, kikaingia kwenye kopo la maziwa ya unga. Asubuhi, basi likikaribia kizuizi, wote walishuka wakiwa wamevaa jezi, wakajipanga kwa namba, golikipa mbele, wakavuka kwa miguu huku Kocha akigawa vitambulisho kutoka kwenye kopo. Aligundua kwamba askari akiona jezi maswali hupungua. Upande wa pili tulipanda basi, vitambulisho vikarudi koponi, na uwanjani mimi nilivitoa kimoja kimoja nikinakili majina kwenye karatasi ya mwamuzi. Kopo ndilo lililokuwa kikosi chetu. Asiyekuwa koponi hakuwa na mechi.

Mwanzoni Kocha alijaribu kumvusha Abdi mara mbili.

"Huyu yake iko wapi?" askari aliuliza, kwa upole kabisa.

"Ameomba. Hii hapa risiti yake."

"Mzee, risiti si kitambulisho. Huyu atarudi."

Abdi alirudi, na tangu siku hiyo hakupanda basi tena. Alifanya mazoezi na wenzake wiki nzima, kisha siku ya safari alikuja mpaka karibu na daraja, akabeba mfuko wa mipira kuusogeza, akasimama hapo. Jezi namba tisa akavaa Yusuf, mtu mwema mwenye mguu mzito. Kila mara Kocha alimwuliza Abdi kama yuko sawa.

"Niko fizuri, Adeer," alijibu. "Wewe enda Kenya, urudi na goli. Mimi iko hapa tu."

Kenya, kwa watu wa mjini, ni ng'ambo ya daraja. Misimu sita alisema hivyo. Mshambuliaji ana misimu mingapi? Kocha aliijua hesabu hiyo mwilini mwake. Alitaka mechi moja ya ligi ichezwe upande wetu wa mto, Abdi aicheze, basi. Kombe hatukulizungumza kamwe.

Mwaka wa saba timu moja ikakubali. Kocha aliifuata mpaka kwao, akakaa siku mbili, na sharti alilowapa ni kwamba yeye mwenyewe atapanda basi lao kutoka Mwingi, kiti cha mbele karibu na dereva, wakipatwa na lolote limpate yeye kwanza. Aliondoka siku moja kabla ya mechi. Kabla ya kuondoka alinikabidhi kopo.

"Andika kikosi kama kawaida," akaniambia. "Nitafika na wageni, nitasaini tu."

Asubuhi ya mechi mji ulikuwa na raha ambayo sikuwahi kuiona. Wanawake wa chai waliweka majiko kando ya uwanja tangu mapema. Nilimkuta Abdi akichora mistari kwa majivu, amevaa namba tisa tayari ingawa mechi ni ya jioni, na nikamsalimia, na nikamwambia leo ni leo. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilimwona. Nilijua yeye ndiye sababu ya siku ile. Wachezaji wakaniletea vitambulisho kwa mazoea, hakuna aliyewaambia wasilete, wakavitia koponi. Nikakaa kwenye kivuli cha ukuta, nikafungua kopo, nikanakili majina kumi na manane kwa mwandiko wangu mzuri, na kwenye namba tisa nikaandika Yusuf, kama nilivyoandika misimu sita.

Basi la wageni lilikawia kizuizini. Lilipofika mwamuzi alikuwa akitazama saa, na Kocha, mtu aliyesoma hata maandishi ya nyuma ya tikiti, alisaini karatasi juu ya boneti bila kuisoma. Timu zikajipanga. Mwamuzi akapita na karatasi, akafika kwa Abdi, akasimama.

"Huyu hayumo."

Kocha aliichukua ile karatasi. Akaiangalia, akaliangalia kopo mkononi mwangu, akaniangalia mimi. Kisha akaenda kwa kocha wa wageni akichechemea, nikamsikia akimwambia, "Ndugu yangu, nimekuja na basi lako. Nakuomba mtu mmoja."

"Mzee, nakuheshimu," yule akasema. "Lakini karatasi ni karatasi."

Hakukosea. Hata mimi ningesema hivyo. Abdi akavua jezi, akaikunja kama aliyekuwa dukani, akampa Yusuf, akaenda kuketi nyuma ya goli akiwa na fulana. Watazamaji waliliita jina lake dakika zote tisini, kwanza kwa furaha, halafu kwa hasira. Yusuf alipata nafasi mbili ambazo Abdi asingezikosa hata akiwa amefumba macho. Tulitoka sare, bila bila.

Baada ya kipenga watu walimzunguka Kocha. Mzee mmoja wa kamati akamwuliza, kwa heshima lakini bila kutabasamu, kwa nini mtoto wa wenyewe ameketi chini siku ya nyumbani.

"Uamuzi wangu," Kocha akasema. "Niliona hayuko tayari."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, kalamu ikiwa bado mfukoni mwa shati. Nilifungua mdomo, naye akanitazama kwa jicho la kukata maneno, nikaufunga. Ningeweza kuufungua tena. Ningeweza kuufungua kesho yake, au wiki nzima iliyofuata, wakati mjini wakisema nywele ngumu, jina lao la watu wa bara, hawana shukrani, kwamba Adeer amekula chumvi yetu miaka saba na kutulipa hivi. Sikuufungua. Nilijiambia yeye ndiye aliyesema "kama kawaida", yeye ndiye aliyesaini bila kusoma, na yote hayo ni kweli, na hayakunisaidia kulala.

Kamati ilimwondoa kabla msimu haujaisha. Hakuna timu nyingine ya ligi iliyokuja tena. Januari barua yangu ya uhamisho ikatoka, Machakos, karibu na kwetu, na nikaenda kumuaga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kiatu cha kulia kilikuwa pale pale mlangoni.

"Uliomba lini?" akaniuliza.

"Zamani. Kabla ya mechi."

Aliniangalia kama mtu aliyebeba mzigo njia nzima, akafika na kuambiwa haukuhitajika. Wakati ule sikujua kwa nini. "Haya, Katibu," akasema. "Safari njema."

Mwaka jana nilitumwa kusimamia mtihani wa kitaifa katika shule moja ya Kotile, kusini mwa Garissa. Siku ya pili, karatasi ya mwisho ya siku ilipokwisha, nilisikia kipenga nyuma ya shule, nikakifuata. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja wa mchanga, amekonda, mkongojo umelala mapajani. Wachezaji wake walikuwa wafugaji waliokuja na fimbo zao, wakazipanga nyuma ya goli. Ngamia wanne walikuwa wakipita katikati ya uwanja, naye alikuwa akingoja.

"Katibu," akasema, bila mshangao. "Wa kemia alirudi?"

"Hakurudi."

"Aa."

Mtu mmoja mnene mwenye kipara kilichoanza alikuja na birika la chai ya maziwa ya ngamia. Nilimtambua aliponikabidhi kikombe: Abdi. Kitambulisho alikipata hatimaye, akaniambia, miaka minne baada ya mechi ile, siku moja tu, dakika kumi, kama kitu cha mchezo. Goti lake lilikuwa limekwisha kuharibika. Sasa ana pikipiki ya mizigo na anamsaidia Adeer. Nilitazama pembeni, Kocha alikuwa akimfokea mtu aliyechelewa, na nikaona nisiposema leo sitasema.

"Abdi, ile siku," nikasema, "si Kocha aliyekuacha. Ni mimi nilisahau kukuandika."

"Najua, mwalimu."

"Unajua?"

"Adeer aliniambia jioni ile ile. Alisema, nyamaza. Watu wakijua ni mwalimu, watamsema, atakimbia. Na hapa walimu wamekwisha." Alingoja nimalize chai ndipo akaendelea. "Akasema, kocha yuko wengi. Bora mimi nitoke, mwalimu abaki."

Mimi niliondoka wiki sita tu baada ya mechi ile. Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni, aibu ya mtu mzima, ambayo haina pa kwenda. Abdi akachukua kikombe changu akakijaza tena, akasema si kitu, ni zamani.

Ngamia walikwisha kupita. Timu ya wageni, watu wa kijiji cha jirani, ilikuwa ikivaa viatu. Kocha akanyoosha mkono na karatasi isiyoandikwa kitu.

"Mwandiko wako bado ni ule ule?"

"Ule ule. Kopo liko wapi?"

"Hatutumii kopo hapa. Wasimame mbele yako, uandike unayemwona."

Wakaja mmoja mmoja, golikipa mbele, na kila mmoja alinitajia jina lake nami nikaandika. Wa mwisho alikuwa Abdi, ameweka birika chini, jezi namba tisa ikimbana tumboni. Nililiandika jina lake, herufi zikapinda, nikalikata, nikaliandika tena chini yake. Kocha akavaa miwani, akaisoma karatasi yote polepole, jina kwa jina, akimtazama kila mtu usoni, halafu akasaini.